Karatasi ya Papa Anselmi na Wimbo Wangu wa Aksanti

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Harusi yangu nimeisahau nusu nzima. Nakumbuka viatu vilivyonibana na mvua iliyotunyeshea njiani, basi. Lakini Jumapili ile naikumbuka yote, kuanzia kengele ya misa hadi vumbi la gari la mkubwa mmoja lilipotua barabarani. Ningefurahi kuisahau. Mungu hakutaka, naye ana sababu zake. Kaa hapa karibu nami nikusimulie, kwa maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Ilikuwa miaka ya sitini, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni, kwenye kilima kimoja upande wa Lushebere, hapa Masisi. Kwa kuwa sikuwa nimeolewa, kila mtu aliniita Mamuzeli Yulita, hata wazee walionibeba nikiwa mchanga. Niliongoza kwaya. Nilitunga nyimbo. Nilikuwa na mwandiko mzuri wa Kifaransa, na watu walinijia wakiwa na barua za kuandikiwa. Nakwambia haya ili uelewe kichwa changu kilikuwa kimefura kiasi gani, si kwa kujisifu. Au labda najisifu kidogo. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli.

Karibu na shule kulikuwa na dispanseri, nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na baraza mbele. Wazungu walioiendesha walikuwa wameondoka. Waliobaki ni muuguzi mmoja, Papa Anselmi, yaani Baba Anselmi, na mkunga mmoja, Mama Koleta. Papa Anselmi hakuwa mtu wa hapa kwetu. Alitoka Walikale, kule kwenye msitu, na mke wake na watoto walikuwa wamebaki huko. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mabega yaliyoinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Mama Koleta alikuwa mtu wa vilima hivi hivi, mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Nusu ya watoto wa shule yangu alikuwa amewapokea yeye kwa mikono yake.

Kiangazi cha mwaka ule surua iliingia. Wewe umechanjwa, mwanangu, hujui surua ni nini. Ilianzia nyumba mbili za juu, na kabla ya wiki tatu kwisha tulifunga shule kwa sababu madawati yalikuwa matupu. Akina mama walilala na watoto wao kwenye baraza la dispanseri, juu ya mikeka, juu ya majani ya migomba, wengine juu ya udongo mtupu. Barabara ya Sake, iliyotuletea dawa, ilipitika siku moja na siku nyingine haikupitika, kwa fujo za wakati ule. Dawa zilikuja kidogo, kisha hazikuja kabisa.

Dada yangu mkubwa, Devota, alikuwa na mapacha wa miaka miwili, Petro na Paulo. Kwa ajili yao tulimwita Mama Mapasa. Wote wawili walishikwa. Surua yenyewe ilianza kupoa, lakini ikawaachia homa ya mapafu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaua watoto. Devota aliwapeleka dispanseri, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Siku ya tatu, saa sita mchana, Petro alikufa. Paulo alipona.

Tulimzika Petro nyuma ya shamba la maharagwe. Devota hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akaosha kikapu, akamnyonyesha Paulo, na tangu siku hiyo alizungumza maneno ambayo lazima yasemwe tu: maji yamechemka, funga mlango, mtoto amelala.

Surua ilipokwisha, habari ilitufikia kwamba mkubwa mmoja wa serikali angepita kwetu akielekea Mushaki, ambako alikuwa na mikutano ya siku tatu na wakulima na wenye ng'ombe. Alikuwa amesikia juu ya muuguzi wa Masisi aliyepambana na surua peke yake, na alitaka kumshukuru mbele ya watu. Angemletea diploma yenye mhuri. Mkuu wa shule aliniita, akaniambia, "Mamuzeli, hii kazi iko yako."

Ah, mwanangu! Nilifurahi mno. Na nisikilize vizuri: furaha yangu haikuwa ya uongo. Nilikuwa nimemwona Papa Anselmi amesinzia akiwa amesimama, kichwa kimeegemea ukuta, sindano mkononi. Nilikuwa nimemwona Mama Koleta akiwalisha uji watoto wa wenzake. Nilitaka kijiji kizima kisimame kiseme aksanti. Nilitunga wimbo kwa siku mbili. Nikapanga kwamba akina mama ambao watoto wao walipona wataandamana, kila mmoja na mtoto wake, wamvike Papa Anselmi shada la maua. Na wa mwisho, ili watu walie machozi ya furaha, awe dada yangu na Paulo.

Nilimwendea Devota akiwa anapepeta maharagwe uani, nikamweleza mpango wangu.

"Usiniweke mbele, Yulita," aliniambia bila kuinua macho.

"Lakini dada, Paulo iko hai juu yake," nilisema, yaani kwa ajili ya Papa Anselmi.

"Najua. Nitamuambia miye peke yangu, siku nitaweza."

"Bantu bote banakujua. Usipokuja watasema hauna shukrani."

Alinitazama. Nilidhani amekubali, kwa maana hakunijibu. Siku hizi najua kwamba mtu aliyechoka na msiba hana nguvu ya kubishana na mtu mwenye furaha.

Siku ya Jumamosi, Papa Anselmi mwenyewe alikuja shuleni. Nilikuwa nikifanyisha kwaya mazoezi. Alisubiri mlangoni hadi tulipomaliza, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa na mwalimu. Kisha akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mamuzeli, nasikia iko wimbo."

"Njo, Papa," nilisema, yaani ndiyo. "Utapenda."

"Wimbo haiko mubaya. Lakini nakuomba kitu. Pahali pa wimbo, ao mbele ya wimbo, unisomee hii karatasi. Ule mukubwa iko na masikio kesho tu. Barua tatu nilituma, hakuna jibu. Mimi sijui kusema mbele ya bantu. Weye unajua."

Niliifungua alipoondoka. Mstari wa kwanza ulisema penisilini. Wa pili, alkoholi. Wa tatu, pamba na sabuni. Sikuendelea. Nilijiwazia nikisimama mbele ya mkubwa na umati wa watu, nimevaa gauni langu jipya, nikisoma habari za sabuni. Nikasema moyoni, hii itaharibu sherehe. Mtu haendi kwenye sikukuu kuombaomba. Nikaikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, nikaitia kwenye mfuko wa gauni, nikajiambia kwamba nitampa mkubwa mwishoni, kimya kimya. Huo ndio uamuzi wangu, mwanangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Jumapili ikafika, na karatasi nikaihamishia kwenye mfuko wa gauni jipya. Baada ya misa watu walishuka dispanseri na ngoma. Mkubwa alikuja na gari la kijeshi lililopakwa rangi mpya, akakalishwa kwenye kiti cha padri. Papa Anselmi aliketi pembeni yake, amevaa koti jeupe lililofuliwa hadi likawa kijivu. Mama Koleta aliketi upande wa pili na kitambaa chekundu kichwani, anatabasamu hadi machozi yanamtoka. Diploma ilisomwa. Makofi yakapigwa. Kisha nikainua mikono, kwaya ikaimba.

Wimbo wangu ulikuwa na maneno haya: Aksanti Papa Anselmi, aksanti Mama Koleta, mumefunga mulango wa kaburi, hakuna mutoto wetu alipita.

Nilijua si kweli. Kilima kizima kilijua si kweli. Makaburi madogo yalikuwa bado hayajaota majani. Lakini maneno yalikaa vizuri kwenye sauti, na watu walipoyapokea na kuyarudia, ngoma zikiwa chini yake, nilisahau kabisa kwamba yalikuwa na maana. Nilimwona mama mmoja akiondoka taratibu kutoka kwenye umati, amejifunika mdomo kwa kitenge. Nikadhani anakwenda kujisaidia.

Mkubwa aliupenda wimbo. Alisimama akasema kwa sauti nene, "Mumesikia? Huyu muntu hakupoteza hata mutoto mumoja! Inchi yetu inataka bantu kama huyu." Makofi tena. Papa Anselmi alikuwa akitazama magoti yake.

Akina mama wakaanza kupita. Shada la kwanza, la pili, la tatu. Papa Anselmi aliinamisha kichwa kila mara kama mtu anayepigwa. Kisha akaja dada yangu. Paulo alikuwa mgongoni mwake, amesinzia. Devota alisimama mbele ya muuguzi, akainua shada.

Papa Anselmi alisimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Mapasa, usinivike," alisema. Hakupaza sauti, lakini ngoma zilikuwa zimenyamaza na kila mtu alisikia. "Mulikuja na batoto babili. Dawa ilibakia ya mutoto mumoja. Chupa tatu ndogo. Kama ningegawanya, bote babili bangekufa. Petro alikuwa amechoka zaidi. Paulo alikuwa na nguvu ya kulia. Miye njo nilichagua. Sikukuambia. Nilikosa mudomo wa kukuambia."

Devota alishusha mikono. Shada lilianguka. Aligeuka, akapita katikati ya watu, na watu wakampisha njia. Papa Anselmi alivua mashada yote aliyokuwa nayo shingoni, moja moja, akayaweka kwenye kiti, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mkubwa alikohoa. Akasema muda unakwenda na Mushaki wanamsubiri. Gari likawashwa. Nilisimama na kwaya yangu nyuma yangu, mkono mfukoni, vidole vikiishika karatasi. Na bado sikuitoa. Aibu ilikuwa imenigandisha miguu. Gari likapanda mlima likatoweka.

Watu waliondoka wakinong'ona. Wengine walimhukumu muuguzi. Walisema angalau mtu wa huku angewagawia wote. Wengine walimtetea. Mimi nilikwenda nyuma ya dispanseri ambako Mama Koleta alikuwa akichemsha sindano jikoni, na kitambaa chake chekundu bado kichwani. Nilidhani atanipigia kelele. Alinionyesha kigoda.

"Kaa. Unalia juu ya nani?" aliuliza.

Nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya karatasi. Alikoroga maji kwa kijiti, kama kwamba sindano ni viazi.

"Nikuambie kwanza kitu kimoja," alisema. "Miye nilipenda wimbo. Usikie vizuri. Miaka kumi na moja niko hapa. Bamama wanazaa, wanaenda, wananisalimia ku soko. Lakini jina yangu kuimbwa na bantu bote, na ngoma? Leo njo mara ya kwanza. Nilisema moyoni, kumbe walikuwa wananiona. Kwa hiyo usinikujie kusema wimbo ilikuwa kitu mubaya."

Nilishangaa. Nilikuwa tayari nimeshauhukumu wimbo wote.

"Lakini," akaendelea, na sasa sauti yake ikawa kavu, "uliimba uongo mbele ya bamama wenye kufiwa. Na Anselmi alikuambia kwa mudomo wake kitu gani anataka, ukamupa kile weye unapenda kutoa. Hiyo haikuwa aksanti yake, mutoto wangu. Ilikuwa yako. Weye njo ulikuwa unavikwa maua."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu, na hadi leo hayajatoka. Halafu Mama Koleta akanipa kipande cha kiazi alichokuwa amekificha kwenye majivu, akaniambia nile, kwa maana nilikuwa nimekonda kwa siku moja.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Papa Anselmi. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kitanda kulikuwa na sanduku la bati, nguo zimekunjwa ndani yake. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba.

"Papa, unaenda wapi?"

"Ku Walikale. Kwetu."

Nilipiga magoti. Nikatoa karatasi, nikamwambia sikuisoma kwa watu, nikamwambia na sababu, hata habari ya gauni jipya. Nilitaka akasirike. Aliichukua, akaiangalia, akanirudishia.

"Ulisoma mupaka chini?"

Nikatikisa kichwa. Nikaifungua. Chini ya penisilini na alkoholi na pamba na mafuta ya taa ya jiko, chini ya ombi la muuguzi wa pili hata kama ni wa miezi michache tu, kulikuwa na mstari wa mwisho, umeandikwa kwa herufi ndogo kuliko mingine: na wiki mbili za ruhusa, niende Walikale kuona bibi yangu na batoto. Bibi huku kwetu ni mke, unajua. Hakuwa amewaona kwa karibu miaka miwili. Mtoto wake wa mwisho alimwacha akitambaa.

Tulikuwa bado hivyo, mimi magotini na yeye amesimama na kamba mkononi, tulipoona kivuli mlangoni. Alikuwa dada yangu, na Paulo mgongoni.

Papa Anselmi alitaka kumpa kiti. Devota alikataa.

"Sikukuja kukusamehe," alisema. Kumbe alikuwa na sauti. Nilikuwa nimesahau ilivyo. "Hata sijui kama iko kitu ya kusamehe. Nimekuja kukuuliza neno moja. Siku ile nilienda kutafuta maji. Niliporudi mutoto alikuwa amekwisha kufa. Petro alikufa peke yake?"

"Hapana," Papa Anselmi alijibu. "Alikuwa ku magoti yangu. Mama Koleta alishika miguu yake, ilikuwa baridi. Hakulia. Aliangalia mulango, halafu akafunga macho."

"Mulimushika wote wawili?"

"Wote wawili. Mupaka uliporudi."

Hapo Devota alikaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini, kwenye udongo, akaegemea ukuta, akalia. Alilia kilio cha siku zote alizokuwa kimya. Paulo aliamka akaanza kulia pia bila kujua sababu. Papa Anselmi akageukia dirisha, na mabega yake yakawa yanaruka. Nami nilijua kwamba hiki ndicho alichokuwa akikitaka dada yangu kutoka mwanzo, na mimi nikamletea ngoma.

Devota alipomaliza alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Akaniangalia, akaiangalia karatasi.

"Ule mukubwa iko Mushaki bado?"

"Siku mbili zaidi," nilisema.

"Basi tunaenda."

Tuliondoka saa hiyo hiyo, sisi watatu: Devota na mtoto wake, mimi, na Mama Koleta, aliyesema kwamba haachi wanawake wawili wajinga watembee bila mtu wa kuwachekesha. Papa Anselmi alituahidi hataondoka hadi turudi. Tulitembea mchana wote. Miguu yangu ya darasani ilipata malengelenge, na Mama Koleta alinicheka kila mlima. Tulilala kwa familia moja ya Wakristo njiani, tukala mihogo na maharagwe yao, na kesho yake kabla ya saa sita tulifika Mushaki.

Mkutano ulikuwa uwanjani. Wanaume mbele, fimbo za kuchungia mkononi, wanasema habari za malisho na mipaka ya mashamba. Mkubwa aliniona, akanitambua, akafurahi. "Mamuzeli wa wimbo! Njoo utuimbie!"

Watu wakapiga makofi. Mwanangu, nilitamani kuimba. Sikufichi. Ingekuwa rahisi sana. Lakini Devota alikuwa nyuma yangu na nilisikia Paulo akikohoa kikohozi chake kidogo kilichobaki.

"Papa Mukubwa," nilisema, "leo sikuja kuimba. Nilikuja kusoma. Na mbele ya kusoma, naomba musamaha. Wimbo wa Jumapili ulidanganya. Batoto wetu wengi walikufa. Huyu dada yangu alizika mumoja. Muuguzi hakufunga mulango wowote. Alisimama mulangoni mikono mitupu, na hiyo karatasi nilikuwa nayo mufukoni, sikuisoma juu ya kiburi."

Nikasoma. Nilisoma sabuni, nikasoma pamba, nikasoma mafuta ya taa, na sabuni haikuwa aibu hata kidogo. Niliposoma mstari wa mwisho sauti ilinikatika, na Mama Koleta, ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa amenisikia nikiurudia njia nzima, akaumalizia yeye kwa sauti yake ya kusikika ng'ambo ya bonde.

Mkubwa alikunja uso. Nilidhani atatufukuza. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alisimama, akasema kwamba yeye pia alizika mjukuu kiangazi kile, na kwamba kama dawa za mifugo zinafika Mushaki, dawa za watoto zinaweza kufika Masisi. Wengine wakaitikia. Mkubwa akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliisoma yote tena, taratibu, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kifua. Akasema, "Hizo barua tatu hazikunifikia." Sijui kama ilikuwa kweli. Nilichagua kumwamini, kwa maana macho yake hayakuwa ya mtu mbaya.

Usidhani kila kitu kilikuja. Baada ya wiki kadhaa lori lilileta nusu ya vitu. Muuguzi wa pili tulimsubiri hadi mvua zilipoanza kuchanganya. Lakini alikuja, kijana mwenye miwani, na Papa Anselmi akapata ruhusa yake. Mwaka uliofuata aliomba kuhamia Walikale moja kwa moja, kwa sababu kule msituni watu wake hawakuwa na muuguzi hata mmoja, na akakubaliwa.

Kijiji kilitaka kumfanyia sherehe ya kumuaga. Walinijia mimi tena, kwa wimbo. Safari hii nilikwenda kwanza kumwuliza. Nilimkuta anapanga masanduku.

"Papa, tunataka kukuaga. Unataka tufanye nini?"

Alipiga sanduku moja kwa kiganja. "Niko na masanduku mawili ya dawa ya kupeleka," alisema. "Njia ni ya miguu, na mito. Kama munaweza kunipa wanaume wa kubeba."

Wanaume wanane walijitokeza. Mmoja wao alikuwa mume wa Devota, baba wa mapacha, ambaye hajawahi kuwa mtu wa maneno. Walikwenda naye hadi Walikale, siku kadhaa za msitu na matope, wakaweka masanduku mlangoni pa nyumba yake, wakala chakula cha mke wake, wakarudi. Shemeji yangu alipofika nyumbani tulimwuliza kulikuwaje. Alisema tu, "Batoto wake walimukimbilia. Ule mudogo hakumujua. Halafu akamujua."

Sasa sikia, mwanangu, kwa maana nimefika pale nilipotaka kukufikisha. Ninyi vijana wa leo mna moyo mzuri. Nawaona mnavyotundika vitambaa kwenye lango la hospitali, mnavyopiga makofi, mnavyowapiga picha wauguzi na kuwavika maua. Sikukatazi. Asikudanganye mtu kwamba makofi ni upuuzi; mimi nimemwona mwanamke aliyengoja miaka kumi na moja kusikia jina lake. Imba, na uimbe vizuri. Lakini usiimbe uongo. Usimwite mtu shujaa ili usiwe na haja ya kumsikiliza. Kabla hujainua ngoma, nenda kwake wakati hakuna watu, umwulize: unahitaji nini? Unabeba nini? Na akikujibu jambo lisilopendeza, akikwambia sabuni, akikwambia usingizi, akikwambia mshahara wa miezi iliyopita, basi hilo ndilo utakaloanza kulisema kwa sauti kubwa, mbele ya wakubwa, hata kama litaharibu sherehe. Na kumbuka kwamba katika kila umati unaoshukuru kuna aliyefiwa. Usimsukume mbele. Mpishe, umngoje, atakuja kwa miguu yake.

Na wewe mwenyewe ukikosea, kama mimi nilivyokosea, usikae na aibu yako nyumbani. Itembeze. Ipeleke mpaka Mushaki ikibidi.

Haya, nipe mkono. Mungu akulinde unapolala na unapoamka. Akupe masikio kabla ya kukupa sauti. Watoto utakaowazaa wapone, na wale utakaowapoteza, ukiwapoteza, wafe mikononi mwa watu wenye huruma. Na uzeeni mwako usikose mtu wa kukaa karibu nawe akikusikiliza, kama ulivyonisikiliza mimi leo. Nenda na amani, mwanangu.